Kunyimwa Mke kwa Sababu ya Kunuka Giaboksi

Zabron Kapinga,
Afisa Mauzo na Ukuzaji Biashara,
Telezi Vilainishi, Kanda ya Ruvuma,
Mbinga Mjini.

Kwa Mzee Nathanieli Mbunda,
Mwenye Mashine ya Kusaga,
Lituhi.

YAH: POSA YANGU ILIYOKATALIWA, PAMOJA NA MAMBO MENGINE YANAYONIUMA

Mzee wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu mara ya mwisho nilipokuamkia kwa mdomo uliitikia huku umeshika pua.

Najua kijana mwenye adabu hamwandikii mzazi wa binti moja kwa moja. Hutuma mshenga. Mimi mshenga nilikuwa naye: Mzee Kombo, mwenye duka la vipuri hapa Mbinga, ambaye Kiswahili chake kilikuja na babu yake kutoka pwani na hakijapata kutu hadi leo. Lakini Mzee Kombo amegoma. Anasema amekuja Lituhi mara mbili kwa ajili yangu, mara zote mbili amekula mbasa, samaki wenu mtamu wa ziwani, na mara zote mbili ameondoka na jibu ambalo aliona haya kulibeba kwenye basi lenye watu wazima. Ndiyo maana naandika mwenyewe.

Suala ni binti yako Asteria, anayesimamia mashine yako ya kusaga. Kwa upande wake sina wasiwasi. Kila nikipita mashineni hunipa kiti, na siku moja alikifuta vumbi la unga kabla sijakaa. Tatizo ni wewe, Mzee wangu, na nalisema hili kwa heshima zote. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba, kama tunavyofundishwa kazini kuwapangia wateja wagumu.

1. Kuhusu jibu lenyewe

Mzee Kombo alipoleta posa, ulimuuliza, "Huyo kijana anafanya kazi gani?" Akakueleza kwa ufasaha wake kwamba nauza vilainishi vya viwandani, yaani oili na grisi za mitambo. Ukauliza, "Hiyo ni kazi au ni uchafu?" Ukaingia ndani kidogo, ukarudi barazani, ukatamka maneno ambayo sasa yanajulikana toka Lituhi hadi stendi ya Mbinga: "Binti yangu hataolewa na mtu anayenuka giaboksi."

Sikatai kwamba nanuka. Nimejaribu limau, majivu na sabuni ya kuoshea masufuria. Mama yangu kule Litumbandyosi hujua nimefika kabla sijapiga hodi. Ninachokataa ni upendeleo. Mvuvi ananuka usipa na anaoa. Mkulima wa kahawa ananuka maganda yaliyooza msimu mzima na anaoa, tena wengine huongeza. Padre wetu ananuka ubani, na kama haoi ni kwa sababu ya sheria za kwao, si kwa sababu ya harufu. Kwa nini katika mkoa mzima harufu yangu peke yake ndiyo ipelekwe barazani ikahukumiwe?

2. Kuhusu swali lako la mihogo

Mara ya pili nilikuja pamoja na mshenga, nimevaa koti, na wajomba wa Asteria walikuwa wamepangwa kwenye benchi kama wasimamizi wa mtihani. Ulitaka kujua kutwa nzima nafanya nini. Nikasema nakuza biashara. Ukasema, "Mimi nakuza mihogo. Inapandwa, inapaliliwa, inang'olewa. Hiyo biashara yako inapaliliwaje?" Wajomba wakacheka, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikagawa vipeperushi. Mjomba mmoja alikitumia chake kufungia ugoro nikiwa bado naongea.

Naomba nijibu sasa, nikiwa nimetulia.

Nilipomaliza stashahada ya biashara kule Songea nilianza na biskuti. Biskuti huliwa ikaisha, na aliyeila hakumbuki jina lako. Nikahamia kwenye magodoro. Mteja wa godoro ukishamuuzia analala, na hataki kukuona tena mpaka litoboke. Ndipo nikaingia kwenye vilainishi, na hapo nikaona kazi ambayo haina mwisho, maana kila kinachozunguka kinasuguana, na kila kinachosuguana kinanihitaji. Mwaka wa kwanza nilipanda milima ya kahawa na kopo la grisi mkononi, kutoka kikundi hadi kikundi. Wakulima waliishika, wakainusa, na babu mmoja akaionja, akasema imepungua chumvi. Nikauza mkebe mmoja tu, kwa mama aliyeutaka mkebe. Leo wananijua wenye malori ya makaa ya mawe, vinanijua vikundi vya kumenya kahawa, na kule Chiwanda kuna mwenye boti ananiita "daktari". Sijamkataza.

Na kukuza biashara ni hivi. Unamwendea mtu ambaye mashine yake haina shida yoyote. Unakunywa chai yake. Unaisikiliza ile mashine ukiwa umekunja uso kama mtu anayesikiliza habari za msiba, halafu unauliza taratibu, "Huo mlio ulianza lini?" Hakuna mlio, Mzee wangu. Lakini kuanzia siku hiyo atausikia, na mkewe atausikia, na wiki inayofuata atakupigia simu. Kijana anayeweza kumsikilizisha mtu mlio usiokuwepo hawezi kushindwa kulisha familia. Nashangaa hukuliona hilo.

3. Kuhusu ndoo

Sikuja kwenu mikono mitupu. Nilikuletea ndoo ya oili ya daraja la juu kabisa kwa ajili ya injini ya mashine yako, oili ambayo wenye malori huisubiri hadi ifike kutoka Dar es Salaam. Uliipokea kwa mikono miwili, nikaona mbingu zimefunguka.

Nilipopita tena, injini ilikuwa bado inanyweshwa ile oili chafu inayomwagwa na malori, nyeusi na nzito kama uji wa ulezi ulioungua. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuta nguzo za banda lako la nguruwe zinang'aa. Ulikuwa umezipaka oili yangu kwa brashi, juu mpaka chini. Ukaniambia, "Mchwa walikuwa wananisumbua."

Na ndoo yenyewe Mama Tereza, mama yake Asteria, aliiosha akaipeleka kanisani kuwekea maua. Mimi ni Mkatoliki, lakini Jumapili ile nilisali kwenu Anglikana ili mnione. Nilikaa ibada nzima natazamana na neno TELEZI lililoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu pembeni ya altare, huku mhubiri akituonya kuhusu njia za utelezi. Watu wa mbele waliligundua hilo kabla yangu.

Sikulalamika siku ile. Niliandika kwenye ripoti yangu ya mwezi kwamba bidhaa imegunduliwa kuwa na matumizi mapya, kuzuia mchwa. Makao makuu wakafurahi, wakanitumia cheti cha ubunifu chenye fremu ya kioo. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, Mzee wangu. Ulinidharau, na dharau yako ikanipa heshima kubwa kuliko zote nilizopata kazini, kwa hiyo hata kukasirika kwa raha siwezi.

4. Kuhusu Mwalimu Allen

Nasikia unampenda Mwalimu Allen awe mkwe wako, kwa sababu ana ajira ya serikali na ananuka chaki. Sina ugomvi naye. Lakini kuna jambo hulijui.

Zamani pikipiki yake ilikuwa na mnyororo mkavu uliokuwa ukilia kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Alikuwa akisikika tangu kwenye kona, na Asteria alikuwa na muda wa kutosha wa kutoka kwa mlango wa nyuma na kwenda shambani. Basi siku moja nikamkuta njiani, karibu na Litumbandyosi, anasukuma pikipiki jua kali, mnyororo umekatika. Ningeweza kupita. Mtu yeyote mwenye akili angepita. Lakini mimi na mnyororo mkavu ni kama daktari na mgonjwa. Nilisimama, nikauunga, nikausafisha, nikaupaka oili vizuri mpaka ukazunguka bila sauti.

Tangu siku hiyo Mwalimu Allen anafika kwenu kimya kama paka, na Asteria anakutwa sebuleni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sidai fidia. Nadai tu itambuliwe rasmi kwamba ule utulivu wake, ambao wewe unausifu mbele za watu kuwa ni unyenyekevu, ni kazi ya mikono yangu.

5. Kuhusu boti

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya harusi ya mpwa wako, Mama Tereza alinikaribisha tupande boti yenu kwenda kijiji cha pili kusini. Nilikuona kwa macho yangu ukichanganya petroli na mafuta ya alizeti, kwa sababu oili ya kuchanganyia ilikuwa imeisha. Nikasema kwa adabu, "Mzee, hayo ni ya kukaangia. Injini itakufa." Ukanijibu, "Injini haina ulimi."

Ilikwenda. Nakiri ilikwenda, tena ikitoa harufu nzuri ya chapati, mpaka watoto wakaanza kusikia njaa. Tulipofika mahali ambapo nyumba za ufukweni zimekuwa kama viberiti, ikakohoa, ikajibana, ikanyamaza. Upepo wa mwera ukaanza kusukuma mawimbi, na boti yote ikanigeukia mimi.

Kosa langu ni kwamba nilisimama kueleza. Nilikuwa nimefika kwenye unene wa mafuta na jinsi unavyobadilika kwa joto, wimbi likanikalisha juu ya kapu la maandazi ya harusi. Mama Tereza alikuwa anasali kwa sauti. Shangazi wa bwana harusi alikuwa analia, sijui kwa ajili ya uhai wake au maandazi. Mimi nilikuwa naogopa, Mzee wangu, naandika bila aibu. Sisi wa milimani maji tunayoyajua ni ya kwenye ndoo. Nikapewa kasia moja, na nilipolipiga, boti ilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Asteria akaninyang'anya kasia. Hakuwa mkali. Alijifunga kanga vizuri, akakaa, akasema, "Wewe kaa pale, chota maji." Nikayachota kwa kiatu changu cha ofisini. Kasia la pili ulilishika wewe. Niliona viganja vyako vimechubuka, na sikumwambia mtu, wala hapa sisemi kwa ubaya. Nasema ili ujue kwamba nilikuona ukivuta mpaka mwisho bila kupumzika. Na nilimtazama Asteria akienda mbele na nyuma, amekaza macho ufukweni, maji yanamlowesha na hajali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kupitisha muda mrefu namna ile bila kufikiria mashine yoyote. Mtu akiniuliza ni siku gani niliamua kuoa, siku ni hiyo, na kiatu kilikuwa mkononi.

Tulifika salama, tukatokea kwenye matete upande wa pili wa kijiji, tumelowa, harusi imeshafikia kwenye kula. Nikategemea neno jema. Badala yake ulisimama mbele ya waalikwa ukasema, "Huyu kijana ana mkosi. Alitamka injini itakufa, na ikafa."

Unajua matokeo yake? Sasa hivi Lituhi nzima, nikionekana njiani, wenye mashine wanafunga milango. Mwingine huifunika injini yake na mkeka, nisiitazame. Daktari akisema una homa hashtakiwi kwamba ameileta homa. Lakini mimi niliyeonya ndiye niliyeitwa mwanga, na mafuta ya alizeti yakaachwa huru.

6. Kuhusu msimamo wako kuanzia sasa

Nimetafakari sana, na naona njia ni mbili tu. Ama unipe Asteria, ama uwe mtu wa msimamo. Kama mtu wa vilainishi hafai kuingia nyumbani kwako, basi na vilainishi visiingie. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba siku utakapoipokea barua hii uanze kutekeleza yafuatayo.

Usile tena ugali wa mashine, hata mashine yako mwenyewe. Mama Tereza arudie kinu na mchi, nawe umweleze sababu. Usipande basi kuja Mbinga, maana beringi zake nazijua kwa majina. Njoo kwa miguu, mandhari ni nzuri. Vua koti lako la Jumapili, kwa kuwa lilishonwa kwa cherehani, na cherehani hunywa mafuta kila wiki. Usiitikie kengele ya kanisa. Pasaka iliyopita mhimili wake ulikuwa unapiga kelele kuliko kengele yenyewe, nami nilipanda nikaupaka grisi bure, ingawa si kanisa langu.

Halafu kuna suala la magoti. Wataalamu wanasema katika kila kiungo cha mwanadamu kuna ute wa kulainisha, uliowekwa na Muumba mwenyewe. Yaani katika kazi hii Mungu ndiye aliyenitangulia. Aliumba, akaona vinasuguana, akatia mafuta. Nawe unapopiga magoti kumwomba akuletee mkwe mwenye kazi safi, unayakunja kwa bidhaa ya fani yangu. Naomba uache kuyakunja, au uyarudishe.

Ukiona masharti haya ni magumu, lile la kwanza ni jepesi. Ukinipa Asteria nitaihudumia mashine yako maisha yangu yote, nitakupa punguzo la mkwe, na kila Januari nitakuletea kalenda ya kampuni yenye picha ya mapipa. Nitaoga mara mbili kwa siku. Na nikifika kwenu nitaiamkia injini kwa mbali tu, bila kutabiri lolote.

Nisalimie Mama Tereza na sala zake, ambazo naamini ndizo zilizotufikisha. Nisalimie wajomba wote wa kwenye benchi, hasa yule wa ugoro. Nisalimie mhubiri. Mpe Mwalimu Allen salamu zangu, na umwambie mnyororo unahitaji oili nyingine kabla ya masika. Wasalimie na nguruwe wako, ambao wanaishi kwenye banda linalolindwa vizuri kuliko mengine yote katika Ruvuma.

Ni mimi, ninayesuguliwa kila upande na kungojea neno lako,

Zabron Kapinga

Nyongeza: Mzee wangu, naomba usitekeleze chochote kilichoandikwa hapo juu.

Nilikuwa stendi naikabidhi barua hii kwa kondakta wa basi la Lituhi, Asteria akashuka kwenye basi hilohilo. Akaona jina lako juu ya bahasha, akaifungua, akaisoma yote akiwa amesimama, huku nimemshikia mkoba. Alipomaliza akasema, "Baba alikubali siku ileile ya kwanza. Aliingia jikoni akatuambia anampenda huyo kijana. Mimi ndiye niliyemrudisha barazani akakatae."

Nikamuuliza kuhusu maneno ya giaboksi. Akasema hayo nayo aliyatunga yeye, wewe uliyasema tu, na ulilalamika kwamba ni makali.

Kumbe alikuwa ameomba kazi Telezi, afisa mauzo wa ukanda wa ziwa, na hakutaka isemwe kwamba ameipata kwa sababu ya mchumba. Barua ya ajira ilimfikia jana, na leo amekuja Mbinga kuchukua sampuli zake. Mimi nabakizwa milimani. Nikamwambia kwamba yote hayo angeweza kunieleza tangu mwanzo, nisingehangaika na wajomba. Akanitazama kama alivyokuwa akiutazama ufukwe siku ile.

"Baba umemwomba mara mbili," akasema, "na sasa umemwomba kwa maandishi. Mimi hujaniuliza hata siku moja."

Ni kweli. Nilikuwa nimeuliza kila mtu Lituhi isipokuwa yeye. Basi nikamuuliza hapohapo, katikati ya mizigo na kuku, bila kipeperushi. Akaupokea mkoba wake, basi likapiga honi, kondakta akasema yeye hana siku nzima.

Amekubali. Nilitaka kuichana barua, akaninyang'anya, na sasa anasubiri nimalize nyongeza hii aifunge upya na kumpa kondakta yeye mwenyewe. Anasema lazima ikufikie, na usomewe kwa sauti baada ya chakula, kwa sababu baba yake hajacheka siku nyingi.